Suruali Moja ya Laki Sita, au Sare za Harusi Nzima?

Oktoba 2018, miezi mitano baada ya kuolewa na Mwanamfalme Harry wa Uingereza, Meghan Markle alitembelea mji wa Dubbo, Australia, akiwa amevaa suruali nyeusi ya jinzi. Siku zile kila alichokivaa kilitafutwa mtandaoni kabla jua halijatua, na safari hii waliotafuta walikutana na habari ya ziada. Jinzi ile ilishonwa Kambodia na kampuni ya Kiaustralia iitwayo Outland Denim, ambayo huwafundisha na kuwaajiri wanawake walionusurika biashara haramu ya binadamu, pamoja na wengine ambao umaskini umewaweka karibu na mtego huo huo. Bei yake ilikuwa takriban dola 200 za Australia. Toleo lile liliisha upesi, na kampuni ikasema mauzo yameiwezesha kuongeza washonaji.

Ni habari njema na sina nia ya kuitia doa. Ila msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anayetaka naye kuvaa nguo iliyompa mtu kama huyo kazi ana maswali ya mfukoni ambayo magazeti ya mitindo hayakuyagusa. Nikiiagiza mimi, itanigharimu kiasi gani hadi inifike mlangoni? Katika fedha hiyo, kiasi gani kitaingia mkononi mwa aliyeshona? Na je, hapa karibu hakuna njia nyingine ambayo shilingi ile ile ingefanya kazi kubwa zaidi?

Tuanze na hesabu. Dola 200 za Australia ni kama dola 130 za Marekani. Tuseme kifurushi kinakuja kwa meli na usafirishaji wake ni dola 30. Kwa mzigo wa meli, forodha haitozi ushuru kwa bei ya nguo peke yake. Inajumlisha na nauli, kwa hiyo thamani yako mbele ya afisa ni dola 160. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una daraja la juu la asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi wanachama zinaona tunaweza kuzitengeneza wenyewe, nguo zikiwemo. Hapo umefika dola 216. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo Tanzania ni asilimia 18, nayo inatozwa juu ya jumla hiyo yenye ushuru ndani yake. Unamaliza na karibu dola 255, kabla ya ada ndogondogo za forodha na zile za kampuni ya vifurushi. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500 za Tanzania, suruali imefika 637,200.

Igawanye uione ilivyo: 325,000 ni bei ya duka, 75,000 nauli, na 237,200 ni kodi. Siilaumu kodi. Ushuru ule uliwekwa kumlinda fundi wetu, na nitarudi kwake. Nataka tu ijulikane kwamba zaidi ya theluthi ya unachotoa kwa ajili ya mwanamke wa Kambodia inaishia bandarini kwetu.

Fundi mwenyewe anapata nini? Mwaka 2017 shirika la Oxfam la Australia lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba, kwa wastani, asilimia 4 tu ya bei ya nguo inayouzwa nchini humo huenda kwenye mishahara ya viwandani. Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kwamba kulipa ujira unaotosha kuishi kungepandisha bei ya rejareja kwa asilimia 1 hivi, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza kila nikilifikiria. Kampuni inayofanya kazi na manusura bila shaka inalipa zaidi ya wastani huo, kwa sababu inafundisha, inashona kidogokidogo na inatoa huduma nyingine. Basi tuwe wakarimu: tukadirie asilimia 15 ya bei ya duka. Ni dola 19 na nusu, sawa na shilingi 48,750. Kwa kila shilingi mia uliyotoa, chini ya nane ndiyo ujira wa ushonaji. Nyingine yote imelipia umbali, kodi, duka, matangazo na kitambaa.

Kwa anayeishi karibu na duka hesabu hubadilika, na Mswahili wa Sydney au Melbourne anaweza kununua jinzi hiyo bila kuruka viunzi hivi vyote. Lakini kwa aliyeko huku, kuagiza vazi moja moja kutoka upande wa pili wa dunia ni njia ya gharama kubwa mno ya kufanya jema dogo.

Tena hatuhitaji kwenda Kambodia kuwatafuta manusura. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania, Bara na Zanzibar, waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani. Watafiti walizungumza na wanawake 50. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliosema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Wengine waliambiwa kwamba ili waachwe warudi nyumbani lazima kwanza warudishe fedha ambazo mwajiri alimlipa wakala. Wakenya na Waganda waliokwenda Saudi Arabia wana simulizi zinazofanana na hizo. Na kabla hujafika uwanja wa ndege, wapo walioko hapa hapa: msichana aliyechukuliwa kijijini na mtu wa karibu kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, akaishia kuwa hausigeli asiye na mshahara wala ruhusa ya kutoka getini. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, Uganda tangu 2009, Kenya tangu 2010. Sheria inaweza kumtoa mtu kwenye nyumba ile. Haimpi kazi ya Jumatatu.

Hapo ndipo cherehani inapoingia. Nadhani hakuna mradi wa kusaidia wanawake katika ukanda huu usio na cherehani kwenye picha zake. Mashirika yanayowapokea manusura, kama KIWOHEDE ya Dar es Salaam iliyoanza 1998, yamekuwa yakifundisha stadi za mikono, ushonaji ukiwa mmojawapo, na kuna sababu: mafunzo hayana gharama kubwa, hayahitaji cheti cha kidato cha nne, na mashine moja inaweza kwenda na mtu nyumbani. Lakini tembea mtaa wowote wa Mbagala, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, uhesabu vibanda vya mafundi. Soko la ushonaji wa mtaani limejaa. Binti anayepewa cherehani na cheti akarudishwa kwao Singida anashindana na mafundi wenye wateja wa miaka kumi, na mashine ile wengi huishia kuiuza. Si uvivu wao. Walipewa chombo bila oda.

(Na tusisahau kwamba manusura wengine hawataki kabisa kushona. Vijana wa Kenya na Uganda waliookolewa kwenye magenge ya utapeli wa mtandaoni huko Myanmar walidanganywa kwa sababu wanajua kompyuta na Kiingereza. Kumkalisha kijana kama huyo kwenye cherehani ni kumpotezea muda.)

Kwa wanaotaka kushona, basi, kipimo changu ninapolinganisha njia za kununua ni oda. Nani anayepeleka kazi ya kutosha, mara kwa mara, kwa bei inayoweza kubeba mshahara?

Mitumba inashinda kila mtu kwa bei, na sitajifanya kuwa siinunui. Jinzi nzuri ya soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, unaweza kuipata kwa shilingi za Tanzania elfu kumi au kumi na tano ukiwahi belo likifunguliwa asubuhi, na ukiivaa mara mia umelipa si zaidi ya shilingi mia na hamsini kwa kila kuivaa. Jinzi ile ya Kambodia, hata ukiivaa mara mbili kwa wiki kwa miaka minne, inakugharimu zaidi ya 1,500 kila unapofunga zipu. Mitumba inawapa riziki wachuuzi, wabeba mizigo, na mafundi wa kupunguza viuno. Mshonaji wa nguo mpya hayumo kwenye mnyororo huo, manusura au si manusura. Ukinunua mitumba, nunua kwa sababu ni rahisi na imara. Wema kwa manusura utautafutia mlango mwingine.

Nguo mpya za bei poa za Kariakoo, zile zinazokuja kwa kontena, ndizo ninazozitilia shaka zaidi. Angalia mishahara katika nchi zinazoshona nguo rahisi. Mshahara wa chini wa mshonaji Bangladesh uliowekwa Desemba 2023 ulikuwa taka 12,500 (fedha ya huko) kwa mwezi, na hiyo ni baada ya mapambano ya barabarani. Huko Ethiopia, ambayo wakati huo haikuwa na mshahara wa chini kisheria kwa sekta binafsi, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walikuta viwanda vya Hawassa vikianza na dola 26 kwa mwezi. Hizo ni ajira halali za watu wasiosafirishwa na mtu. Anayelipwa hivyo, wakala wa Ghuba akimtajia dola 200, ataondoka. Nguo ya bei ya kutupa inachangia kuwazalisha wateja wa mawakala, ingawa lebo yake haisemi.

Fundi wa mtaani ni chaguo zuri ambalo halisifiwi kwa sababu tumelizoea. Karibu fedha yote ya ushonaji inabaki kwake. Kasoro yake kwa suala letu ni kwamba anafanya kazi peke yake au na mwanafunzi mmoja ambaye, tuseme ukweli, mara nyingi halipwi chochote. Ni nadra awe na nafasi ya kumwajiri mtu anayehitaji miezi sita ya kufundishwa na siku kadhaa za kuhudhuria ushauri nasaha au mahakama.

Inabaki karakana: sehemu yenye mashine kumi au ishirini, msimamizi, mkataba na mkufunzi. Za namna hiyo tunazo, ingawa nyingi zinawahudumia wanawake wenye majeraha mengine. Mabinti Centre ya hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, tangu 2007 inawafundisha wanawake waliopona fistula ushonaji na uchapaji wa vitambaa kwa mkono, na mikoba yao ni ya kununua hata usipojua historia yake. Amani ya Juu ilianza Nairobi 1996 na wanawake wakimbizi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ninazitaja kwa sababu zimedumu, na kilichozidumisha kinaonekana dukani kwao: bidhaa ambayo mteja hurudi kuinunua kwa sababu ni nzuri. Kwa manusura wa biashara ya binadamu hasa, njia ya mteja ni kupitia mashirika yanayowahudumia, kama HAART ya Nairobi iliyoanza 2010 au hao KIWOHEDE, kuuliza wahitimu wao wanashonea wapi sasa. Usitarajie kibao nje kilichoandikwa "manusura". Karakana inayojiheshimu huwachanganya na mafundi wengine ili pasiwe na wa kunyooshewa kidole.

Karakana ni ghali kuliko fundi wa kibandani, na ni haki iwe hivyo. Mwajiri anayefuata sheria Tanzania hupeleka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, michango ya asilimia 20 ya mshahara, sehemu yake na ya mfanyakazi zikijumlishwa. Kuna kodi ya pango, umeme, likizo ya uzazi, na mkufunzi ambaye mshahara wake haushoni hata kifungo kimoja. Ukiletewa bei iliyo sawa na ya kibandani, anza kuuliza nani anayebeba tofauti.

Sasa tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani? Chukua jambo ambalo sisi wenyewe tunalifanya kila Jumamosi: harusi. Kamati imeamua sare. Vitenge vimeshanunuliwa, watu 30, gauni na mashati. Tuseme fundi wa mtaani anataka 25,000 kwa vazi, karakana inataka 35,000. Jumla ni 750,000 dhidi ya 1,050,000. Tofauti ya laki tatu inatisha ikisomwa kwenye kikao, lakini kwa kichwa ni elfu kumi, katika shughuli ambayo mchango wa mtu mmoja unaweza kuwa laki. Na kwa kuwa kitambaa ni chenu, bei ya karakana haina cha kulipia ila kazi na uendeshaji. Hata nusu nzima ikienda kwenye pango, uzi, zipu na msimamizi, laki tano na ishirini na tano zinabaki kuwa mishahara. Ilinganishe na zile 48,750 za suruali. Kwa chini ya mara mbili ya fedha, mmepeleka zaidi ya mara kumi ya ujira, na mafundi watano wamepata kazi ya wiki nzima au zaidi.

Si hesabu ya kinadharia tu. Freeset ya Kolkata, India, ambayo kwangu ni mfano imara kuliko hata Outland, ilikua kwa njia hiyo. Kerry na Annie Hilton kutoka New Zealand walihamia mjini humo na watoto wao mwaka 1999, wakajikuta wanakaa jirani na Sonagachi, mtaa mkubwa wa madanguro ambamo wanawake wengi waliingizwa kwa kuuzwa au kwa njaa. Mwaka 2001 walifungua biashara na wanawake 20. Hawakuanza na gauni wala jinzi. Walianza na mifuko ya magunia ya juti, kitu kinachoshonwa kwa mistari iliyonyooka, kisichohitaji mkono wa miaka mitano, na kinachonunuliwa na taasisi kwa mamia, chenye nembo ya mkutano au ya duka. Tisheti zilikuja baadaye. Wafanyakazi walizidi 150, wakiwa na bima ya afya na akiba ya uzeeni. Mnunuzi wa jumla wa mfuko wa kawaida ndiye aliyewezesha hayo, na sidhani kama wengi wa wanunuzi hao waliwahi kupigwa picha na mfuko huo.

Fikiria mikoba ya mikutano inayogawiwa Dodoma, Arusha na Naivasha kwa mwaka, ile ambayo zipu hukatika kabla ya chakula cha mchana. Fikiria sare za shule, aproni za hoteli za Zanzibar, majoho ya kwaya. Mtu mmoja mwenye sauti kwenye kamati ya manunuzi ana uwezo mkubwa kuliko wateja mia wa duka la mtandaoni.

Bado, oda kubwa ikipelekwa kwenye karakana mbovu inalisha ubovu. Swali la kwanza ninalouliza ni neno linalosikika sana kwenye miradi hii: posho. "Bado wanajifunza, tunawapa posho." Miezi mitatu, hata sita, naelewa. Lakini kama nguo zao zinauzwa dukani na mwaka wa pili bado ni posho, hiyo ni kazi bila mshahara, na mteja amekuwa mshirika. Kwa simu linaulizika bila kumvunjia mtu heshima: "Shikamoo mama. Tuna oda ya sare thelathini, na bei tutaizungumza. Naomba kujua kwanza, mafundi wenu mnawalipa kwa mwezi au kwa kipande? Na anayeanza anachukua muda gani hadi apate mkataba?" Mama anayeendesha mambo yake vizuri atajibu kwa fahari, pengine kwa urefu kuliko ulivyotaka. Anayekujibu kwa kukutumia picha za mabinti wakitabasamu hajajibu.

Swali la pili ni makato. Chakula, malazi na mafunzo vinakatwa kwenye ujira? Wanawake waliorudi kutoka Ghuba walifungwa kwa deni: tiketi, viza, fedha ya wakala. Karakana inayomwambia binti "utatulipa gharama za kukufundisha kwanza" inamrudisha kwenye daftari lile lile, hata kama mwenye karakana ni mcha Mungu. Sawa na hilo ni uhuru wa kuondoka. Mtafiti Elena Shih, katika kitabu alichokitoa 2023 kuhusu miradi ya vito inayoendeshwa Beijing na Bangkok na kuwauzia wateja wa Marekani, alieleza jinsi wanawake walioacha biashara ya ngono walivyolipwa ujira mdogo huku wakiwekewa masharti ya mwenendo na imani. Mkufu uliuzwa kama ishara ya uhuru. Naona kitabu hicho kimemfanyia mteja kazi ambayo mteja mwenyewe hawezi kuifanya akiwa mbele ya kabati la kioo.

Kampuni ya ABLE ya Nashville, Marekani, iliyoanza 2010 kwa skafu zilizofumwa na wanawake wa Ethiopia waliotaka kuacha ukahaba, ilichukua njia ninayotamani karakana zetu ziige: ilianza kuchapisha hadharani mishahara ya chini kabisa inayolipwa wanaotengeneza bidhaa zake. Wa chini kabisa, maana wastani huficha mengi. Ukishaona takwimu hiyo unaweza kuilinganisha na kitu. Kambodia, kwa mfano, mshahara wa chini kisheria wa kiwanda cha nguo kwa 2024 ulikuwa dola 204 kwa mwezi, kwa hiyo kampuni ya huko iliyojisifu mwaka huo kwa dola 210 haikufanya makubwa.

Kuhusu simulizi, nina msimamo mkali na najua si wote wanaokubaliana nami. Lebo yenye uso na jina la manusura ni sababu tosha ya kurudisha nguo kwenye hanga. Aliyeuzwa mara moja asiuzwe tena, hata kwa nia njema. Zaidi ya hapo, simulizi zikishakuwa mtaji huanza kutiwa chumvi. Mei 2014 Somaly Mam wa Kambodia, aliyekuwa miongoni mwa sura maarufu zaidi duniani za harakati hizi, alijiuzulu kwenye taasisi iliyobeba jina lake baada ya uchunguzi wa jarida la Newsweek na wengine kuonyesha kwamba sehemu za maisha aliyosimulia, na za baadhi ya wasichana waliosimama jukwaani, hazikuwa kweli. Taasisi ilifungwa mwaka huo huo. Walioumia ni wanawake waliokuwa kwenye nyumba na karakana zilizotegemea misaada hiyo, ambao hawakumdanganya mtu.

Vyeti vinasaidia kwa kiasi. B Corp inapima mwenendo wa kampuni kwa upana. Shirika la Biashara ya Haki Duniani (WFTO) linaikagua biashara nzima kwa misingi ya biashara ya haki. Fairtrade kwenye nguo mara nyingi inahusu mkulima wa pamba. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa kuthibitisha kwamba aliyeshona alinusurika utumwa, wala hakiwezi kusema hivyo bila kuingia kwenye siri za watu. Karakana ndogo ya Buguruni haitakuwa na cheti chochote, na nisingeinyima oda kwa hilo.

Kitambaa nacho kina historia yake, na hapa wateja wengi hawafiki. Pamba ya Uzbekistan kwa miongo ilivunwa na watu waliolazimishwa na serikali, wakiwemo walimu na wauguzi, hadi mavuno ya 2021 ambapo wafuatiliaji walisema ulazimishaji wa kimfumo umekwisha. Ususiaji wa kimataifa wa pamba hiyo uliondolewa Machi 2022. Pamba ya Xinjiang, China, bado ina tuhuma hizo, na Marekani iliiwekea sheria mahususi. Katika jimbo la Tamil Nadu, India, viwanda vya kusokota nyuzi viliwahi kuwachukua mabinti kwa mkataba wa miaka mitatu na ahadi ya fedha ya mahari mwishoni, mpango ulioitwa Sumangali. Ni kejeli ya uchungu manusura mmoja kushona kitambaa kilichotokana na kazi ya kulazimishwa ya mwingine. Kwa sare yenu, khanga au kitenge cha kiwanda cha Morogoro kinaondoa sehemu ya wasiwasi huo, ingawa rangi zitakuwa chache na shangazi mmoja atalalamika.

Lipo la muda na ubora, na ndilo linalovunja makubaliano mengi kuliko bei. Karakana inayofundisha huchelewa. Mikono mipya hukosea vipimo vya mabega. Ukipeleka oda wiki mbili kabla ya sendofu utapata hasara, utakasirika, na hutarudi. Wape wiki sita. Toa nusu ya fedha mwanzoni, kwa sababu karakana hizi hazina mtaji wa kununua uzi na mkanda kwa mkopo. Omba washone vazi moja la mfano, likaguliwe na mtu mnyoofu wa kamati, ndipo waendelee. Mishono isipokaa sawa, rudisha ishonwe upya kama ambavyo ungemrudishia fundi mwingine yeyote. Kuchukua kazi mbovu kwa huruma ni kumharibia fundi soko la kesho, maana hutamwagiza tena na hutamwambia kwa nini.

Kwa ndugu walioko Marekani na Ulaya, bidhaa za Freeset, Outland au ABLE ni chaguo la kawaida, na zikivaliwa miaka mingi hazina hasara. Hata hivyo wao ndio mara nyingi wanaogharamia sare za familia huku nyumbani. Anayetuma dola 400 kwa ajili ya harusi ya mdogo wake anaweza kusema zishonwe wapi, na atasikilizwa kuliko mwanakamati yeyote.

Na mwenye kidogo tu, ambaye hana harusi wala kamati? Mimi ningenunua jinzi yangu Karume, kisha nitafute mfuko wa kitambaa au aproni ya karakana kwa kinachobaki. Kikiwa hakitoshi, ningempelekea mwenyekiti wa kamati inayofuata namba ya simu ya karakana hiyo, pamoja na lile swali la posho.